Seneti ya Kongo: Chombo kinachochaguliwa na wachache kwa niaba ya wengi

MWANANCHI wa kawaida katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hajawahi kumpigia kura seneta chini ya katiba iliyoanza kutumika Februari 2006. Tofauti na Kenya, ambako wapigakura wa kila kaunti humchagua seneta wao moja kwa moja, jukumu hilo nchini Kongo limeachiwa wajumbe wa mabunge ya majimbo.

Seneti hiyo ina viti 108 vya kuchaguliwa. Kila jimbo kati ya 25 hutoa maseneta wanne, huku jiji la Kinshasa, lenye hadhi ya jimbo, likitoa wanane. Mwaniaji sharti awe raia aliyetimiza umri wa miaka 30, na anaweza kudhaminiwa na chama au kusimama kama mgombea huru. Muhula ni wa miaka mitano na unaweza kurudiwa.

Mbali na hao, rais wa zamani aliyeingia mamlakani kwa kuchaguliwa huwa seneta wa maisha. Joseph Kabila alipata hadhi hiyo alipoondoka Ikulu Januari 2019.

Lengo la mfumo huu ni kuyapa majimbo sauti sawa, makubwa kwa madogo. Hata hivyo, wajumbe wa mabunge yote ya majimbo hawafiki elfu moja, ilhali taifa lina zaidi ya watu milioni 100. Uchache huo wa wapigakura umezua madai ya mara kwa mara kwamba kura hununuliwa.

Machi 2019, muungano wa Kabila ulipotwaa viti vingi mno, wafuasi wa chama cha UDPS cha Rais Felix Tshisekedi walifanya maandamano Kinshasa na Mbuji-Mayi. Serikali ilisimamisha kuapishwa kwa maseneta hao kutokana na tuhuma za hongo, lakini ikalegeza msimamo siku chache baadaye.

Udhaifu mwingine ni kwamba Seneti hutegemea uchaguzi wa majimbo. Maseneta waliochaguliwa Januari 2007 walistahili kuondoka 2012, lakini kwa kuwa mabunge mapya ya majimbo hayakuchaguliwa hadi Desemba 2018, walikalia viti vyao miaka 12. Maseneta wengine walichaguliwa 2024, na Agosti mwaka huo Jean-Michel Sama Lukonde, aliyekuwa waziri mkuu, akawa spika wao.

Cheo hicho si cha mapambo. Kiti cha rais kikibaki wazi, spika wa Seneti ndiye hushikilia uongozi wa nchi hadi uchaguzi ufanywe. Seneti pia hupitisha sheria pamoja na Bunge la Taifa lenye viti 500, ingawa pande hizo zisipoafikiana, Bunge la Taifa huwa na kauli ya mwisho.

Uzito wa Seneti ulidhihirika Mei 22, 2025, maseneta 88 walipounga mkono kumwondolea Kabila kinga ya kutoshtakiwa, watano wakipinga, kufuatia madai kwamba aliwasaidia waasi wa M23. Septemba mwaka huo, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo. Kiti cha maisha, basi, hakikumkinga dhidi ya kura za wenzake.