MIZANI YA NADHARIA

Wako waonao kwamba nadharia ni maneno matupu ya watu waliokaa vitini. Sisi hatuafikiani nao. Wala hatuafikiani na wale waing'ang'aniao nadharia hata ikanushwapo na mambo yaliyo dhahiri. Historia ya kupasuka kwa kiini cha atomu yawakosoa wote wawili.

Mwezi wa Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakakuta bariamu, ambayo atomu zake ni nyepesi sana kuliko za urani. Jambo hilo liliwashangaza. Maelezo yalitoka kwa Lise Meitner, mwenzao aliyekuwa ameikimbia Ujerumani mwezi wa Julai kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Akitembea katika theluji nchini Sweden pamoja na mtoto wa dada yake, Otto Robert Frisch, walikifikiria kiini kuwa mfano wa tone la maji. Tone juu ya jani la jimbi hushikamana kwa nguvu ya uso wake. Kiini nacho hushikamana, lakini protoni zake zasukumana. Kikiingiwa na nyutroni hutikisika, hurefuka, hupata kiuno chembamba, kisha hukatika. Kwa hesabu yao, kila mpasuko hutoa nishati ya elektronivolti milioni 200 hivi.

Mwaka 1939 Niels Bohr na John Wheeler waliipanua nadharia hiyo. Hata hivyo, ilikuwa na upungufu: tone la namna hiyo lingetazamiwa kukatika nusu kwa nusu. Urani 235, ipigwapo kwa nyutroni za mwendo mdogo, aghalabu hutoa kipande cha uzito wa karibu 95 na kingine cha karibu 140. Wataalamu hawakulificha jambo hilo. Walirudia hesabu, hata mwaka 1967 Vilen Strutinsky akaonyesha njia ya kuliunganisha tone na matabaka ambamo protoni na nyutroni hujipanga. Matabaka yaliyojaa huwa imara, nayo ndiyo hukielekeza kiini kugawanyika pasipo kulingana.

Mpango wa maendeleo nao ni nadharia. Ukitabiri magunia mia, na mizani ikaonyesha sitini, kukosea hesabu si aibu. Aibu ni kuificha mizani. Viongozi na wananchi, tusiifiche.