Kisu cha Mpasuaji na Firasa ya Watazamaji
Ilimu ya firasa, yaani ya kutambua tabia ya mtu kwa kumtazama sura, ambayo mwanazuoni Fakhruddin al-Razi aliitungia kitabu zaidi ya miaka 800 iliyopita, haikufa pamoja na wanazuoni wake, kwani kila mwanadamu huitumia pasipo kujijua. Na mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walidhihirisha kwamba mtu akionyeshwa uso wa asiyemjua kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde huwa amekwisha kumhukumu kuwa mwaminifu au ayari, na akiongezewa muda haigeuzi rai yake sana, bali huzidi kuwa na yakini nayo.

Je, wajihi ukipitiwa na kisu, hukumu hiyo hugeuka? Mwaka 2015 Michael Reilly na wenzake wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichukua picha za wanawake 30 wa Kizungu waliopasuliwa ili kuondolewa dalili za uzee, kwa kukazwa ngozi ya mashavu na shingo au kupunguzwa kope zilizolegea, wakazigawa picha za kabla na za baada hata asiwepo mtazamaji aliyeona zote mbili za mtu mmoja, wala watazamaji hawakuambiwa kinachotafutwa. Picha za baada zilishinda kwa uzuri, kwa uanauke, na, ajabu zaidi, kwa kupendeka na kujua kuchangamana na watu, ilhali tabia za wanawake wale hazikuguswa na mkasi wowote.

Kwa rai yangu siri yake si ujana, maana uchunguzi wa mwaka 2013 ulioongozwa na Joshua Zimm ulikuta waliopasuliwa wakikisiwa kupungukiwa na miaka 3 hivi, ila uzuri haukuongezeka kwa kadiri ya kutajika. Siri imo machoni na kwenye pembe za mdomo, mahali ambapo akili husoma furaha na ghadhabu; kope zikishuka na pembe zile zikainama kwa umri, mtu aliyetulia raha mustarehe hudhaniwa ana huzuni au kiburi. Hata kwa wanaume 24 waliochunguzwa baadaye, kupunguzwa kope za juu kuliwaongezea kuaminika, na kukuzwa kidevu hakukuwafaa kitu.

Lakini wachunguzi wengi wa jambo hili ni wapasuaji wenyewe, na walichopima ni picha zisizosema, mbele ya watu wasiowahi kusalimiana na wenye nyuso hizo.