Matairi ya Kamioneti Yetu: Maswali Sita Kabla ya Kutoa Pesa



Katika vikundi vyetu vya Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, kamioneti si gari la fahari. Ndilo linaloleta mihogo na mahindi kutoka bonde la Ruzizi. Ndilo linalochukua ndagala kutoka ufukoni na kuzipeleka sokoni. Na usiku mwingine ndilo linalomfikisha hospitalini mama aliyeshikwa na uchungu. Kila juma tunajadili mafuta, tunajadili mshahara wa dereva, tunajadili nani alilipia mfuko na nani hakulipa. Lakini matairi, yaani yale mapine manne yanayobeba vyote hivyo, tumewaachia wanaume. Tunasema: mambo ya gari, mama atayajulia wapi?

Sisi pia tulisema hivyo mpaka mwaka 2024. Mwezi wa tatu gari la kikundi chetu lilikuwa likirudi kutoka upande wa Mboko, limejaa mizigo, na mama wanne wamekaa juu ya mifuko. Karibu na Makobola tairi la nyuma likapasuka. Dereva alijitahidi, gari halikupinduka, lakini mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alianguka chini. Mtoto alipona bila jeraha. Mama alivunjika mkono. Pesa tuliyolipa kwa matibabu yake ilizidi bei ya matairi mawili mapya.

Tairi lile tulikuwa tumelinunua okazio. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na bei yake ilitufurahisha. Lilipoletwa nyumbani likiwa limechanika, tulisoma ubavuni mwake tarakimu nne: 0911. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2011. Lilikuwa na miaka 13, kumpita mtoto wa darasa la sita. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuuliza.

Tangu siku ile, tairi likinunuliwa tunakwenda wenyewe pamoja na dereva. Haya ndiyo maswali sita tunayokwenda nayo. Anayejua kusoma namba anaweza kuyauliza yote.

1. Gari letu linapita wapi?

Matairi ya kamioneti yako ya aina tatu, na mara nyingi herufi zimeandikwa ubavuni au kwenye jina la tairi. H/T ni ya barabara nzuri. Meno yake ni mafupi na yamebanana. M/T ni ya matope. Meno yake ni makubwa na yameachana sana. A/T ni ya njia zote. Liko katikati ya hayo mawili.

Dereva wetu alitaka M/T. Alikuwa ameyaona kwenye magari makubwa ya mashirika. Alituambia: "Mama, nyinyi mmesoma, lakini barabara ninaijua mimi." Tukamjibu: "Ni kweli, papa. Basi tuandikie barabara zenyewe." Tukachukua daftari, tukaandika safari zote za mwezi mmoja. Zilikuwa 20. Safari 13 zilikuwa za barabara ya taifa namba 5 kwenda Kiliba, Sange, Luvungi au Kamanyola. Safari 5 zilikuwa za kusini, Makobola na Mboko. Safari 2 tu zilikuwa za kupanda milimani, upande wa Lemera.

Tairi la M/T linashika matope vizuri, hilo ni kweli. Lakini kwenye barabara ngumu linapiga kelele, linakwisha haraka na linakula mafuta zaidi. Lami ikiwa imelowa, gari linachelewa kusimama. Tukachagua A/T, kwa sababu ya zile safari 18.

Tusiwafiche: mwezi wa nne uliofuata, mvua ilipokuwa kubwa, gari lilishindwa kupanda. Udongo wa mfinyanzi ulijaza meno ya tairi mpaka likawa laini kama chupa. Tuliliacha gari chini, mizigo ikapanda kesho yake kwa pikipiki baada ya jua kukausha njia. Dereva alitucheka kidogo. Tulikubali kuchekwa, kwani miezi mingine yote hesabu ilikuwa upande wetu.

Na jambo dogo: matairi mengine yana picha ya mlima wenye ncha tatu na theluji ndani yake. Ni alama ya nchi za baridi. Milima yetu ya Uvira haina theluji. Mama asilipe zaidi kwa ajili ya picha hiyo.

2. Je, kipimo ni kile cha gari?

Ubavuni mwa tairi mtaona maandishi kama 265/65R17. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana. Namba 17 ni ukubwa wa janti kwa inchi. Kipimo cha gari lenu kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari.

Muuzaji anaweza kusema: "Hili la 265/70R17 ni karibu sawa, chukueni." Tufanye hesabu ya shuleni. Tairi la kwanza lina kimo cha milimita 776. La pili lina milimita 803. Tofauti ni milimita 27. Tairi kubwa linaweza kugusa bodi wakati gari limejaa au linapokata kona. Injini inachoka zaidi mlimani. Na saa ya mwendo inaonyesha kidogo kuliko mwendo wenyewe.

Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja, na la akiba vilevile. Kama gari ni la 4x4 na matairi ya mbele yanatofautiana kimo na ya nyuma, dereva akiweka 4x4 kwenye barabara ngumu anaumiza giaboksi na ekseli. Fundi atawaomba pesa ambayo hamkuipangia.

3. Linabeba kilo ngapi?

Swali hili ndilo linalosahauliwa, na kwetu sisi tunaobeba mifuko ndilo kubwa. Baada ya kipimo kuna namba nyingine na herufi, kwa mfano 112S. Herufi inahusu mwendo wa kasi. Kwa barabara zetu haitusumbui. Namba inahusu uzito. Namba 100 ni kilo 800 kwa tairi moja. Namba 104 ni kilo 900. Namba 110 ni kilo 1,060. Namba 112 ni kilo 1,120. Namba 115 ni kilo 1,215.

Tuseme kamioneti imepakiwa, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,700. Matairi mawili ya namba 100 yanaweza kilo 1,600 tu. Yatakwenda leo, yatakwenda kesho, na siku ya jua kali yatapasuka. Matairi mawili ya namba 112 yanaweza kilo 2,240. Tofauti hiyo hamuioni kwa macho. Yote ni meusi na ya duara. Mnaiona kwa kusoma.

Yale yaliyoandikwa LT mwanzoni mwa kipimo, au C mwishoni mwa kipimo, yametengenezwa kwa ajili ya mizigo na ubavu wake ni mgumu zaidi. Lakini tairi lenye nguvu haliongezi nguvu za springi wala breki. Kama kitabu cha gari kinasema tani 1, ni tani 1, na watu walio juu ya mizigo ni sehemu ya tani hiyo.

4. Lina miaka mingapi?

Tafuteni neno DOT ubavuni. Mwisho wa maandishi yale kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Kama hamzioni upande mmoja, tazameni ubavu wa pili.

Mpira unazeeka hata kama gari limelala. Unakauka, unapasuka nyufa ndogo kama kisigino wakati wa kiangazi. Tairi likipita miaka 6, litazamwe mara kwa mara na fundi. Likifika miaka 10, litolewe, hata kama meno yake bado ni marefu. Matairi mengine hufika kwetu kwa meli kutoka Kigoma mpaka bandari ya Kalundu, mengine yanapita Bujumbura na Gatumba. Limesafiri, limelala ghalani, limewekwa juani mbele ya duka. Neno "jipya" halitoshi, ulizeni tarakimu.

5. Meno na ubavu viko namna gani?

Katikati ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Herufi TWI ubavuni zinaonyesha mahali vilipo. Meno yakiwa yamelingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Kwa matope yetu msisubiri mpaka hapo. Likibaki milimita 4 tayari linateleza.

Kwa tairi la okazio ongezeni mambo matatu. Kwanza, pitisheni kidole ndani ya mifereji: meno mengine yamechongwa upya kwa kisu, na mpira uliobaki chini ni mwembamba. Pili, rangi nyeusi inayong'aa inaweza kuficha nyufa. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Tatu, mwombeni fundi alitoe kwenye janti muone ndani. Kiraka kwenye sehemu ya meno kinavumilika kama kimefanywa vizuri. Kiraka ubavuni, hapana.

Ubavu ndio unaoumia zaidi huku kwetu. Mafuriko ya mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ilipobeba nyumba za watu, yalitufundisha jinsi mito yetu inavyoshusha mawe mpaka barabarani. Kila mvua kubwa inaleta mengine. Jiwe lenye makali linakata tairi pembeni, mahali ambapo hakuna meno.

6. Nani ataangalia upepo?

Tairi zuri lenye upepo mdogo linapata moto, na joto ndilo linalopasua. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Karatasi ya mlangoni inataja upepo unaotakiwa. Mara nyingi ule wa gari lililopakia ni mkubwa zaidi kwa matairi ya nyuma. Mafundi wetu wanasema kilo, vipimo vingine vinaandika bar. Kwa kazi yetu ni karibu sawa. Kama kipimo kinaandika PSI, bar 1 ni PSI 14.5.

Kwenye tope zito dereva anaweza kupunguza upepo mpaka bar 1.5 hivi, tairi likanyage kwa upana. Lakini aende polepole, na akitoka kwenye tope aujaze tena kabla ya kuongeza mwendo. Kila kilomita 10,000 matairi yabadilishane nafasi, ya mbele na ya nyuma, yaishe pamoja.

Na pesa itatoka wapi?

Tuseme tairi la okazio ni dola 60 na linatembea kilomita 12,000. Tairi jipya la A/T ni dola 150 na linatembea kilomita 45,000. Gawanyeni: la okazio ni dola 5 kwa kila kilomita 1,000, jipya ni dola 3 na senti 33. Weka bei za sokoni kwenu, hesabu ni ileile. Rahisi imekuwa ghali.

Tunajua kwamba dola 600 za matairi manne hazipatikani siku moja. Sisi tulifungua kisanduku kidogo pembeni ya AVEC. Kila safari inaweka dola 3. Safari 20 ni dola 60 kwa mwezi. Miezi 10 ni matairi manne. Mkiweza mawili tu kwanza, yawekwe nyuma, kwani nyuma ikiteleza ni vigumu dereva kulirudisha gari.

Mama yule aliyevunjika mkono alipona. Ndiye anayeshika kipimo cha upepo kila Jumatatu asubuhi, na dereva hawashi gari kabla hajaandika namba nne katika daftari. Jambo ambalo bado linatushinda ni kukaa juu ya mifuko. Tulikataza, lakini mama asiye na nauli nyingine anatuomba, na mwingine anasema ndagala zake zitaibwa njiani. Juma lililopita wawili walipanda tena. Tutalizungumza kwenye mkutano wa Jumamosi, na tunaomba vikundi vingine vituandikie vimefanya nini.

Leo gari likirudi, chukueni kalamu, inameni karibu na tairi la nyuma, mwandike zile tarakimu nne za mwisho.