JINA MBOTELA: KITABU, MTAA NA SAUTI

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nawaomba radhi wahenga, maana leo nataka kuwaambia wasiojua, nami nilikuwa mmoja wao.

Mpenzi msomaji, simama kwenye steji yoyote ya Barabara ya Jogoo jioni uwasikilize makanga. "Makongeni! Mbotela! Hamza! Beba beba!" Sisi wenyeji wa Eastlands tumeyazoea majina haya kama tulivyozoea honi. Makongeni tunajua ni mahali pa makonge. Bahati, Maringo na Shauri Moyo ni Kiswahili kitupu. Lakini Mbotela je? Mimi nimezaliwa na kulelewa Mbotela, na kwa miaka kumi na sita sikuwahi kuuliza.

Mambo yalibadilika muhula uliopita katika mjadala wa chama chetu. Hoja ilikuwa kwamba majina ya mitaa yaliyotolewa na wakoloni yafutwe yote. Msemaji wa upande wa kuunga mkono akasimama, akaninyooshea kidole na kusema, "Tuanze na mtaa wa huyu ndugu yetu! Kwani hamjui huyo Tom Mbotela alikuwa kibaraka wa wazungu?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa wa upande wa kupinga, na kinywa kikanikauka. Ukiambiwa kwenu nyumbani pamepewa jina la msaliti, hata chai ya jioni haishuki. Basi nikaamua kuchimba.

Nilichogundua ni kwamba Mbotela si mtu mmoja. Ni jina la ukoo ambalo limebebwa na mwandishi, mwanasiasa, mtangazaji na, mwisho wa yote, mtaa. Tena limefungamana na maneno mawili ambayo sisi wana Kiswahili tunayatamka kila siku bila kuyapima uzito: uhuru na ungwana.

CHIMBUKO

Hebu tuondoke Nairobi kidogo, twende Mombasa, ng'ambo ya kisiwa upande wa Kisauni. Mnamo mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Zanzibar ili amshinikize akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mwezi wa Juni mwaka huo mkataba ukatiwa sahihi, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Hata hivyo, majahazi yaliendelea kupita kwa siri usiku. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata, likazuka swali gumu: hawa watu wapelekwe wapi? Wengi walikuwa wametekwa wangali watoto, huko mbali bara, upande wa ziwa Nyasa na kwingineko. Hawakuweza kuonyesha njia ya kurudi kwao.

Mwaka 1875 wamishenari wa CMS walianzisha kijiji cha kuwapokea, wakakiita Freretown, yaani mji wa Frere. Unaona? Hata hapo tayari jina la ukoo la mtu limegeuka kuwa jina la mahali. Kengele yao ingalipo kwenye njiapanda ya Nyali, na ndiyo sababu pale panaitwa Kengeleni. Ukoo wa Mbotela unatoka katika kijiji hicho.

Wengi wa watu hao walipobatizwa walipewa majina ya kigeni. Mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika wa Freretown aliitwa William Jones, naye alikuwa Mwafrika halisi aliyetekwa utotoni. Mtumwa hunyang'anywa kila kitu, na jina lake huwa miongoni mwa vya kwanza. Kwa hivyo jina la Kiafrika kama Mbotela kupita katika misukosuko hiyo yote na kufika hadi kwenye steji ya matatu si jambo dogo hata kidogo.

KITABU

Wa kwanza kulipeleka jina hili mbali alikuwa James Juma Mbotela. Mwaka 1934 kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa London na Sheldon Press. Kinasimulia jinsi watu walivyotekwa, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa kwenye majahazi, wakaokolewa na kuanza maisha mapya Freretown. Ni mojawapo ya vitabu vya kwanza vya nathari vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa Kenya, na mwaka 1956 kilitolewa kwa Kiingereza pia.

Wahakiki wamemlaumu mwandishi huyu. Wanasema amemsifu mno Mwingereza kama mkombozi. Lawama hiyo ina ukweli. Mwaka 1934 Kenya ilikuwa koloni la huyo huyo Mwingereza, mashamba mazuri yalikuwa yametwaliwa, na mwanamume Mwafrika hapa Nairobi alitembea na kipande kikining'inia shingoni. Yaani mkono uliofungua mnyororo kule pwani ndio uliofunga mwingine huku bara.

Lakini ebu jiweke katika nafasi ya watu wa Freretown. Kama mzee wenu alitolewa katika tumbo la jahazi akiwa amefungwa, utamwona vipi yule aliyemfungua? Kwa James Mbotela, uhuru ulikuwa kitu ambacho wazee wake walikuwa wamekwisha kupewa. Kwa mkulima aliyefukuzwa shambani mwake, uhuru ulikuwa kitu alichoibiwa. Neno ni moja, lakini watu wawili hawa hawasemi jambo moja. Tukilishika hilo, tutamwelewa Mbotela wa pili.

MTAA

Tom Mbotela naye alitoka kwa watu wa Freretown. Alifanya siasa zake hapa Nairobi na akapanda hadi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, ambacho Jomo Kenyatta alikiongoza tangu mwaka 1947. Wakati huo mji ulikuwa unatokota. Mwaka 1951 kina Fred Kubai na Bildad Kaggia, watu wa vyama vya wafanyakazi, walishika uongozi wa tawi la Nairobi. Hawa walikuwa wamechoka kuandika barua na maombi yasiyojibiwa. Tom alishikilia kwamba mazungumzo ndiyo njia, na aliwapinga Mau Mau hadharani bila kumung'unya maneno.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo Tom Mbotela aliuawa, na mwili wake ukapatikana karibu na soko la Burma. Ndiyo, Burma hii hii tunayonunua nyama. Mwaka uliofuata aliuawa Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na mweka hazina wa Luo Union. Mauaji yote mawili yalihusishwa na Mau Mau.

Katika miaka hiyo ya 1950 halmashauri ya jiji ilikuwa ikijenga nyumba za Waafrika huku Eastlands. Mtaa mmoja ukaitwa Mbotela. Mingine ikaitwa Ofafa, na ndiyo maana hadi leo tuna Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na Ofafa Kunguni. Sitaficha jambo hapa. Mimi naona wakoloni walichagua majina hayo makusudi. Mnamo Aprili 1954 walikuwa wameuzingira mji huu katika msako uliopeleka zaidi ya watu 20,000 vizuizini. Kuandika jina la aliyeuawa na Mau Mau kwenye mtaa mzima ilikuwa kama kuwaambia wakazi, "Mfuateni huyu, msiwafuate wale."

Lakini Eastlands haikuishia hapo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mambo yakapinduka, na leo kuna mtaa wa Kimathi pia. Dedan Kimathi ni yule kiongozi wa Mau Mau aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ukitoka Mbotela kwa miguu, hutatokwa na jasho jingi kabla ya kufika Kimathi. Yaani watu wawili ambao mwaka 1952 wasingepeana mkono, leo ni majirani! Watoto wao, yaani sisi, tunapanda matatu moja na kuazimana vitabu.

SAUTI

Mbotela wa tatu hahitaji kutambulishwa kwa wazazi wetu. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940 na kulelewa Freretown. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, akatangaza habari na mpira wa miguu kwa namna ya kumfanya msikilizaji auone uwanja kwa masikio. Mwaka 1966 alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, akakiendesha kwa zaidi ya miaka 50. Ndani yake alieleza vituko vya watu, k.m. mtu anayekwenda kwa mwenzake bila taarifa wakati wa chakula, kisha akauliza swali lake lile lile.

Sasa hapa ndipo nataka wana Kiswahili mnisikilize vizuri. Fungua kamusi utafute neno mwungwana. Utakuta maana ya mtu mwenye adabu. Lakini utakuta pia maana ya zamani zaidi: mtu huru, asiye mtumwa. Pwani ya kale iligawanya watu namna hiyo, waungwana huku, watumwa kule. Waungwana walijiona ndio wenye adabu, na pole pole jina la cheo likawa jina la tabia. Mtumwa angekuwa na heshima kiasi gani, hakuitwa mwungwana.

Basi fikiria. Mzao wa watumwa wa Freretown anaketi mbele ya maikrofoni ya taifa, na kila wiki anawauliza matajiri kwa maskini, wakubwa kwa wadogo: je, huu ni ungwana? Neno lililowafungia wazee wake mlango nje, yeye amelishika mkononi na kuwapimia watu wote. Sijui kama wasikilizaji waliliona hilo. Mimi liliponijia, nilikaa kimya kwa muda.

Tena uhuru wake ulijaribiwa. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa jeshi la anga walimchukua kutoka nyumbani kwake, wakamlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Sauti iliyozoea kuuliza swali la ungwana ikasomeshwa maneno ya watu wenye bunduki. Jaribio hilo lilishindwa, naye akaendelea na kazi yake. Alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025, na nchi nzima ikamlilia.

JIBU LANGU

Sasa namrudia mwenzangu aliyeninyooshea kidole. Je, Tom Mbotela alikuwa kibaraka?

Nakubali kwamba katika jambo kubwa la wakati ule, historia haikumuunga mkono. Barua na maombi peke yake hayangerudisha ardhi. Wale wa msituni walilijua hilo, na wakalilipia kwa maisha yao. Lakini kibaraka ni mtu anayesema asichoamini ili apate mkate. Huyu alikulia katika kijiji ambako Mwingereza alijulikana kwa kufungua minyororo. Aliamini njia ya maneno, akaisema mchana kweupe wakati kuisema kulikuwa hatari, akafa kwa ajili hiyo. Wakoloni walilitumia jina lake baadaye, ni kweli. Lakini kutumiwa baada ya kufa si kosa la maiti.

Tukianza kufuta, tutafuta na Ofafa, kisha Freretown, na mwishowe tutabaki na mitaa yenye nambari kama vyumba vya gereza. Mimi nasema majina yabaki, ila yasibaki mabubu. Wote mnajua kuna mipango ya kubomoa nyumba kuukuu za Eastlands na kujenga maghorofa. Nyumba zetu zimechakaa, sizililii. Ninachoogopa ni kwamba siku tingatinga litakapokuja, jina litazolewa pamoja na kifusi, na hakuna atakayegundua, kwa sababu hakuna aliyelijua.

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa chama chetu. Tuiandikie serikali ya kaunti barua kwa Kiswahili sanifu, tuombe kibao kimoja Mbotela, kimoja Ofafa na kimoja Kimathi. Kila kibao kieleze mwenye jina alikuwa nani, alitaka nini na alikufaje. Mpita njia asome, kisha aamue mwenyewe. Watakaosema barua hazifui dafu, nawaelewa, maana huo ndio ubishi uliovunja KAU. Lakini tujaribu.

Na ewe mwenzangu wa upande wa kuunga mkono, muhula ujao hoja ikirudishwa, mimi nipo. Safari hii kinywa hakitanikauka. Ukinitafuta kabla ya hapo, panda matatu pale Barabara ya Jogoo umwambie makanga akushushe Mbotela. Akikuuliza Mbotela gani, mwambie ni hadithi ndefu.