Masurufu ya Siku ya Kwanza Melini

Wazee wetu hawakupanda chombo bila masurufu. Akiwa mtu aenda Lamu kwa jahazi au Bombay kwa meli ya moshi, kikapu chake cha chakula kilikuwa ubavuni mwake, wala hakumpa mtu kumchukulia. Mimi nilianza kazi ya ukarani wa shehena bandarini Kilindini mwaka wa 1974, nikawahi kuiona Karanja, meli ya kampuni ya British India, kabla haijaacha safari zake za Bombay mwaka wa 1976. Abiria wa sitahani walikuwa wakipanda na majamvi, mabirika na vikapu, na sisi makarani vijana tukiwacheka. Sikujua kwamba kicheko kile kingenirudia karibu miaka hamsini baadaye, tena mbele ya mke wangu.

Mwaka wa 2023 tulikwenda Marekani kumtazama binti yetu aliyeolewa huko, mjini Orlando, katika jimbo la Florida. Yeye na mumewe wakatuzawadia safari ya siku saba katika meli ya starehe itokayo Miami. Meli hizi, ndugu msomaji, hazimpeleki mtu kwa haja. Huzunguka visiwani na kurudi zilikotoka, na nauli huwa imekwisha kujumlisha malazi na chakula kilicho kingi. Bandari ya Miami iko juu ya kisiwa kiitwacho Dodge, na watu huiita mji mkuu wa meli za starehe duniani. Katika mwaka wa 2024 walipita hapo abiria zaidi ya milioni 8.

Mke wangu ana ugonjwa wa sukari na hujidunga sindano kila asubuhi. Mwenye kudunga sindano hiyo hana ruhusa ya kuchelewa kula. Kwa hivyo, usiku wa kuamkia safari, alifunga kikapu chake. Mahamri yalibaki Orlando, kwa sababu kampuni nyingi za meli hizi haziruhusu abiria kupanda na chakula kilichopikwa nyumbani. Vitu vya paketi ambayo haijafunguliwa huruhusiwa, basi akatia tende, biskuti na karanga.

Kosa langu mlangoni

Tuliondoka Orlando saa kumi na mbili asubuhi baada ya kula kidogo, tukafika Miami saa nne. Mlangoni mwa bandari makuli huyapokea mabegi makubwa, wakayatia vibandiko vya namba ya chumba, na mwenyewe hulikuta begi lake mlangoni mwa chumba jioni. Mimi niliona watu waliovaa vizuri, mikono mitupu, wakipanda kama mawaziri. Nikamtazama mke wangu na buibui lake na kikapu chake.

“Mama, mpe kuli hicho kikapu,” nikamwambia. “Tutapanda na kikapu kama abiria wa sitahani?”

“Baba, na nikishikwa na njaa?”

“Njaa gani, ndani ya meli ya vyakula? Mimi ni mtu wa bandari, najua mambo ya meli.”

Akakitoa. Alibaki na mkoba wake tu, wenye sindano, dawa na pasi ya kusafiria. Nilizijua meli, ni kweli, lakini nilizijua kwa nje. Nilihesabu magunia yaliyoingia tumboni mwao, wala sikupata kula mlo hata mmoja ndani ya meli ya abiria.

Foleni ya juu

Tulipanda saa tano na nusu. Mtu wa kwanza kutupokea kwa tabasamu alikuwa akiuza vileo vya wiki nzima kwa bei ya jumla. Mke wangu akajivuta buibui, tukapita. Vyumba vilikuwa havijawa tayari, tukaambiwa tungoje mpaka saa saba na nusu. “Chakula kiko juu,” kila mtumishi alituelekeza, na kila abiria alielekezwa vivyo hivyo.

Hapo ndipo lilipo tatizo la siku ya kwanza. Watu wapatao elfu nne wanaingia katika saa chache, vyumba vimefungwa, hawaijui meli, na wote wanapelekwa mahali pamoja, penye bufe, yaani karamu ya kujipakulia. Tulikuta foleni inayozunguka kama ya kutafuta kitambulisho. Ilitupita nusu saa kabla hatujaikaribia meza ya nyama.

Chakula kilikuwa kingi, si uongo. Lakini pale palipokuwa na kuku palikuwa ubavuni mwa soseji za nguruwe, na mzee mmoja mbele yetu alitwaa soseji kwa koleo, kisha kwa koleo lile lile akatwaa kuku. Hakufanya ubaya kwa dini yake. Mke wangu akaiweka sahani yake chini taratibu.

“Baba, mimi hapa sili.”

Sikumlaumu. Tena kuku mwenyewe hatukujua amechinjwaje. Masheikh wana maneno yao juu ya nyama ya Ahlul-Kitabi, na mimi si mwanachuoni. Lakini chuoni tulifunzwa kuliepuka lenye shaka, na mahali penye samaki na mboga mtu hana dharura. Mboga zenyewe, hata hivyo, ndizo zilizokuwa mwisho wa foleni, na nyingine zilikwisha nyunyiziwa vipande vya nyama ya nguruwe.

Kutafuta kwengine

Nikatoka kifua mbele kutafuta chakula kwengine, mke wangu nyuma yangu. Karibu na bwawa la kuogelea palikuwa na kibanda cha hambaga, bila malipo na bila foleni ndefu. Nikatazama bamba la kukaangia, nikaona nyama ya ng'ombe na ya nguruwe zinakaangwa pamoja, mafuta yao yamekuwa mamoja. Tukapita. Kibanda cha piza kilikuwa na piza ya jibini tupu, lakini kisu cha kukatia ndicho kilichokata ile ya nguruwe. Katika duka la kahawa mikate yote iliyojazwa niliyoiona ilikuwa na nyama baridi ya nguruwe.

Sitaha ya chini yake tukaona mkahawa wenye samaki wa kukaanga na viazi. Nikafurahi, nikamwambia mke wangu, “Samaki hana mchinjaji!” Nilikuwa nimekwisha kuketi. Kama si yeye kuniambia niulize, ningekula. Mtumishi, msichana mwungwana, akajibu bila kuficha kwamba unga wa kumpaka samaki yule huvurugwa kwa bia. Hiyo, ndugu msomaji, ni desturi ya Waingereza na Wamarekani wengi katika samaki wa kukaanga. Bia huufanya unga uumuke na kuwa mkavu. Basi uonapo samaki, usiseme tayari umepona. Uliza amepakwa nini na amekaangwa katika mafuta ya nini.

Tulipotoka hapo saa ilikuwa saba na robo. Mke wangu akashika ukuta. Nikamtazama, nikaona jasho juu ya mdomo na mikono ikitetemeka. Sukari ilikuwa imeshuka. Kikapu cha tende kilikuwa mahali fulani ndani ya meli ile, pamoja na maelfu ya mabegi, na aliyekitoa ni mimi.

Salamu ya mtu wa Java

Nilimketisha kitini, nikasimama nikiangaza macho kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Kijana mmoja aliyekuwa akifuta meza akaliona buibui, akaja mbio.

“Assalamu alaikum, Ibu.”

Alikuwa Mwindonesia, mtu wa Java. Wafanyakazi wengi wa meli hizi hutoka Indonesia, Ufilipino na India, na miongoni mwa Waindonesia Waislamu ni wengi. Sikuhitaji kumweleza sana. Alileta bilauri ya maji ya machungwa, mke wangu akainywa kidogo kidogo, na baada ya muda rangi ya uso ikaanza kurejea. Alhamdulillahi.

Kisha yule kijana akatwambia jambo ambalo hakuna tangazo lililotwambia. “Nendeni chini, chumba kikubwa cha kulia. Leo kimefunguliwa kwa chakula cha mchana mpaka saa nane. Wengi hawajui. Mtafuteni mkuu wa wahudumu, mwambieni halali.”

Tulishuka kwa lifti. Chumba kilikuwa na vitambaa vyeupe na meza nyingi tupu, kimya kama msikiti baada ya sala. Mkuu wa wahudumu alitusikiliza kwa adabu, akaandika, akaenda mwenyewe jikoni. Hakutuahidi nyama, kwani halali huagizwa mapema, wala si jambo la kuzuka nalo. Alichoweza ni samaki wa samoni aliyechomwa katika kikaango safi, asiyepakwa mvinyo wala mchuzi, wali mweupe, mboga za kuchemsha na ndimu. Ulikuwa mlo mkavu, mbali na samaki wa kupaka, lakini tulipousomea Bismillahi niliuona mtamu kuliko biriani ya harusi.

Kijana wa Java alipita kutuangalia. Tukazungumza kidogo, tukagundua kwamba lugha zetu ni jamaa wa mbali kwa upande wa Kiarabu: sisi husema dunia, nao husema dunia, habari kwao ni kabar, wakati ni waktu. Hata nanasi kwao ni nanas. Mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Orlando. Tulipoingia chumbani tukaelekea kaskazini mashariki, kwani ndiko kilipo kibla kwa mtu aliye Miami, tukakusanya adhuhuri na alasiri.

Niliyojifunza

Siku zilizobaki nilikuwa mwanafunzi. Niliuliza watu waliozoea meli nyingine, nikaelewa kwamba karibu kila meli kubwa ina pa kula mchana pasipokuwa bufe, tena bila malipo ya ziada, ila mtu hapaoni siku ya kwanza. Meli za Carnival nyingi zina kibanda cha hambaga cha mpishi Guy Fieri, kilichoanza mwaka wa 2011. Meli kubwa za Royal Caribbean za jamii ya Oasis zina mkahawa wa bustanini uitwao Park Cafe, wenye mikate ya kujazwa na saladi. Za Princess zina International Cafe, karibu na ukumbi wa katikati. Mwislamu hataweza kula kila kitu hapo, lakini saladi, matunda, mayai au supu ya mboga hupatikana, naye huweza kuuliza mtu badala ya kusukumana na umati.

Mambo mengine ni haya. Mwenye kutaka nyama ya halali aiarifu kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, apate jibu la maandishi. Siku ya kupanda amtafute mkuu wa wahudumu mapema. Wetu alituletea orodha kila jioni tukachagua chakula cha kesho. Tamu pia ziulizwe, kwani keki nyingine hutiwa ramu, na maandazi laini ya maziwa huenda yana jelatini isiyojulikana imetoka kwa mnyama gani. Na kabla ya kula popote, mtu aoshe mikono kwa maji na sabuni. Maradhi ya kuhara na kutapika huenea upesi melini, na koleo moja hushikwa na mikono mia.

Tena chakula cha siku ya kwanza kisimsahaulishe mtu mafunzo ya kujiokoa. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, walikufa watu 32, na mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajapata mafunzo hayo. Tangu mwaka wa 2015 sheria ya kimataifa inataka yafanywe kabla ya meli kung'oa nanga au mara inapoondoka. Kwa hivyo ule mapema, ujue kituo chako, ndipo upumzike.

Meli yetu iliondoka saa kumi alasiri. Tulisimama juu tukitazama majengo ya Miami yakipungua, na mimi sikuwa na maneno mengi. Saa moja usiku kikapu kikaletwa mlangoni. Mke wangu akakifungua bila kusema, akapasua paketi ya tende, akaninyoshea moja.

“Haya, mtu wa bandari,” akasema. “Karibu masurufu.”

Niliipokea kwa mikono miwili. Mwaka ujao, Mungu akitujaalia uhai, binti yetu anataka tusafiri tena. Nimekwisha kumwambia kwamba kikapu nitakibeba mimi mwenyewe, hata kama meli nzima itacheka.