Nani Kasema Mama Hana Kazi?

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayoonewa siku hizi, sidhani kama kuna linaloonewa kama "kazi". Muulize mwanafunzi yeyote wazazi wake hufanya nini, na aghalabu utajibiwa: "Baba ni dereva, mama hana kazi, yuko nyumbani tu." Hilo "tu" ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwa hakika, kazi si ajira. Ajira ni ndugu wa neno ujira, yaani malipo. Asiyelipwa hana ajira, lakini kazi anaweza kuwa nayo tele, hata ikamlemea.

Mimi nililelewa Voi. Baba alikuwa na mshahara, japo mdogo, na hakuna aliyetilia shaka kwamba alifanya kazi. Mama naye aliamka saa kumi alfajiri. Bomba linalopeleka maji ya Mzima hadi Mombasa hupita Voi, ila mifereji ya mtaani kwetu ilikauka mara kwa mara, hivyo siku yake ilianza kwa foleni ya madebe. Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Taveta, alisafiri zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa ikiwa vumbi tupu kwani lami ilikuwa haijafika, akanunue ndizi za kuchuuza Voi. Mahindi ya shamba letu, chini ya milima ya Sagalla, yalipokaribia kukomaa, alikesha akiwafukuza ndovu wa Tsavo kwa kelele za mabati. (Kwake yeye, kupiga debe hakukuwa msemo.) Sisi watoto sita tulikuta uji mezani hata baada ya mikesha hiyo.

Nilipojiunga na kidato cha kwanza, mama alifungua fundo la leso mbele ya mwalimu, akahesabu karo, noti moja moja, nyingi zikiwa zimekunjamana. Mwalimu akazipokea. Kisha akamtazama, na katika nafasi ya kazi ya mama akaandika: "Hana." Mama hakusema neno.

Yamkini msomaji ataniambia kwamba huo ni mzozo wa msamiati. La hasha! Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo kuwa mchango katika mali ya wanandoa. Lakini mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba ndoa pekee haimpi mtu nusu ya mali. Sharti kila mmoja athibitishe mchango wake. Je, mama atauthibitishaje, ikiwa wanawe wenyewe, waliokula jasho lake, husema hana kazi? Kadi ya Jumapili ya pili ya Mei haitamfaa mbele ya hakimu.

Katika ukurasa wa tabaruku wa tasnifu yangu ya uzamifu niliandika jina la mama, na chini yake: "mkulima na mchuuzi wa ndizi, Voi." Alitaka nimsomee mara mbili.

Walimu wenzangu, mtakapojaza fomu za wanafunzi wapya, muulizeni mtoto mama yake huamka saa ngapi na hufanya nini mpaka alale. Andikeni hayo. Nafasi isipotosha, geuzeni karatasi.