Kuandika Hesabu ni Amana: Mabinti wa Garissa na Uzamili wa Uhasibu



Wasomaji wetu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, na mwandishi awe muadilifu. Leo twawausia wazazi wa Garissa, Wajir na Mandera, na jamaa zao walioko pwani, juu ya waandishi hao.

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, lakini biashara nyingi bado huhesabiwa kichwani, kwa kuaminiana. Kuaminiana ni sifa njema; ila mauti yakija, hesabu ya kichwani huzikwa na mwenyewe. Mfano ni mjane aliyeachiwa duka. Akiletewa makadirio ya kodi asiyoyaelewa, sheria ya mwaka 2015 yampa siku 30 kuweka pingamizi, nayo yataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5. Eda yake ni miezi 4 na siku 10. Siku 30 zitakwisha yumo edani, asiweze kuhangaika ofisini. Nani atakayeketi naye nyumbani, ayapitie makaratasi bila ya kumvunjia sitara? Binti yetu mhasibu.

Shahada ya kwanza humfunza binti kutunza vitabu vya hesabu. Uzamili humfunza kufasiri sheria za kodi, kukagua hesabu za wengine, na kujenga hoja itakayosimama mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi. Akiwa na fiqhi pia, atatenganisha mambo mawili yanayochanganywa: kodi ya mapato ya biashara kwa kawaida hutozwa juu ya faida, na zaka ya biashara ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Kulipa kodi hakuondoi faradhi ya zaka.

Njia zipo. Mitihani ya uhasibu ya KASNEB ni mlango mmoja. Chuo cha Mamlaka ya Mapato, chenye tawi Mombasa, ni mwingine.

Twajua hofu ya wazazi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo cha Garissa, na vilio vile havijasahaulika. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya chuo kikuu kamili. Waliorudi madarasani walituonyesha kuwa elimu haizikwi.

Wengine wahofia ndoa itachelewa. Basi mkubaliane mapema na mchumba, masomo yatajwe kabla ya nikaha, na bibi asaidie ulezi. Binti mwenye kupenda hesabu asikatizwe njiani, maana atakayemhitaji kesho huenda akawa mama yake mwenyewe.